Iongezwe Nguvu au Ipunguzwe Uzito? Mjadala wa Boti ya Feni

Hoja mezani ni moja. Boti ndogo ya feni, ya kuongozwa kwa rimoti, imeshushwa ziwani Mwanza. Feni inapiga kelele za kuwashtua wauza dagaa, lakini boti yenyewe inakwenda kivivu. Pua imezama, maji yanapanda juu, na ikikata kona inataka kulala ubavu. Je, iongezwe nguvu au ipunguzwe uzito?

Kwa asiyeijua, boti ya feni ni ile ambayo propela yake haigusi maji. Imesimikwa nyuma, juu, inasukuma hewa tu. Nyuma yake kuna mabawa mawili yaliyosimama wima, ndiyo usukani: yanaupinda upepo wa feni, na upepo unaipinda boti. Tumbo ni bapa. Wawindaji vyura wa Everglades, kule Florida, walianza kuzitengeneza miaka ya 1930 kwa sababu majini kwao kuna nyasi tele na kina kidogo, na propela ya kawaida hainusuriki humo. Kwetu ziwani yapo ya kufanana na hayo: gugu maji, vipande vya nyavu vilivyotupwa, na mawe yanayojificha chini ya maji ya kufika kifundoni.

Wazungumzaji ni watatu. Fundi anatengeneza redio na simu, na mota ya boti hii aliitoa kwenye droni iliyoanguka. Mwalimu ni mama wa fizikia aliyemfundisha Fundi sekondari na hajaacha kumfundisha. Mzee amechonga mitumbwi na kuunda boti za mbao tangu ujana wake, na rimoti hajaishika hata siku moja. Sauti zao nimeziunganisha kutoka kwa watu wengi niliowasikia wakibishana juu ya mambo haya. Mimi ni mwenyekiti, na natangaza mapema kwamba sina nia ya kukaa katikati.

FUNDI: Mzee, shikamoo. Mwalimu, shikamoo.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Haya, sema.

FUNDI: Sina maneno mengi. Betri yangu ni ya lithiamu, seli 3, volti 11.1. Niongeze seli moja nipate volti 14.8. Mota ile ile, propela ile ile ya inchi 10. Hamtaamini macho yenu.

MWALIMU: Nitaiamini pua yangu, maana nitakuwa nanusa mota inaungua. Mota yako imeandikwa 1000. Maana yake?

FUNDI: Mizunguko 1,000 kwa dakika kwa kila volti moja.

MWALIMU: Ikiwa haina mzigo. Propela ni mzigo, kwa hiyo tuseme inafika 8,000 hivi. Ukiongeza volti kwa theluthi, mizunguko nayo itapanda kwa kiasi kinachokaribia hapo. Msukumo hupanda kwa mraba wa mizunguko, kwa hiyo utaupata karibu mara 1.8 ya huu wa sasa. Mpaka hapo unashangilia. Lakini umeme unaoliwa hupanda kwa mchemraba, karibu mara 2.4. Mota iliyokuwa inavuta ampea 12 sasa itataka kama 21. Imeandikwa inastahimili ngapi?

FUNDI: Kumi na mbili. Kwa sekunde 60.

MWALIMU: Basi.

FUNDI: Basi nabadilisha mota.

MWALIMU: Na kidhibiti kasi, na nyaya, na betri. Kila utakachokibadilisha kitakuwa kizito kuliko cha kwanza.

Hapa mwenyekiti anaingilia. Huo mraba na mchemraba ndio unaowaangusha wapenzi wengi wa boti hizi. Mtu huona ameongeza umeme kidogo akapata mwendo mwingi, anadhani kila ngazi itakuwa na bei hiyo hiyo. Propela haiuzi hivyo. Kila gramu ya ziada ya msukumo ni ghali kuliko iliyotangulia, na bili inalipwa kwa joto ndani ya mota. Fundi anajua kusoma joto kwa kidole, lakini kidole husoma baada ya jambo kutokea.

MWALIMU: Tena tunabishana juu ya msukumo ambao hakuna aliyeupima. Mzee, mizani ya samaki ipo?

MZEE: Ya kuning'iniza? Ipo.

FUNDI: Mwalimu, boti si sangara.

MWALIMU: Boti ya kwanza ya aina hii haikuundwa kwa ajili ya mbio. Mwaka 1905, Nova Scotia, Kanada, Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, na watu wake waliunda chombo wakakiita Ugly Duckling. Walikitumia kujaribia injini na propela za ndege. Kwa hiyo usiidharau mizani. Boti ya feni ilizaliwa ikiwa kifaa cha kupimia.

Mizani ikaletwa. Namna ya kupima ni rahisi, na naieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo sehemu inayorukwa na kila mtu. Funga uzi imara nyuma ya boti, chini, karibu na usawa wa maji. Upande wa pili uunganishe na mizani iliyofungwa kwenye nguzo, uzi ukae mlalo. Boti ielee, isishikwe na mtu. Washa robo, soma, nusu, soma, mwisho, soma. Wakati huo huo mita ya umeme iwe kwenye waya wa betri, uandike ampea pembeni ya kila gramu. Betri iwe imejaa, volti 4.2 kwa kila seli, la sivyo kipimo cha kwanza na cha mwisho havitalingana.

Mizani ikasoma gramu 500.

MWALIMU: Haiwezekani. Mota hii na propela hii zinapaswa kutoa karibu 800. Maandishi ya propela yanatazama wapi?

FUNDI: Nyuma. Si huku ndiko upepo unakokwenda?

MWALIMU: Maandishi hutazama mbele, kule boti inakokwenda, hata propela ikiwa imefungwa nyuma ya mota. Umeifunga kichwa chini miguu juu. Inasukuma, lakini kwa mgongo wa jani.

Fundi akaigeuza. Mota aliiacha izunguke upande ule ule, maana propela ikigeuzwa, mkunjo wa majani yake haubadiliki.  Mizani ikapanda hadi 800. Alitaka kuongeza seli ya nne ili apate msukumo ambao tayari alikuwa nao mfukoni.

FUNDI: Haya, nimekubali. Lakini tazameni, pua bado inazama. Tena sasa inazama zaidi!

MWALIMU: Lazima izame zaidi, umeongeza msukumo. Mhimili wa mota uko sentimita ngapi juu ya maji?

FUNDI: Ishirini. Propela ya inchi 10 inataka nafasi.

MWALIMU: Gramu 800 zinasukuma juu, sentimita 20 kutoka majini. Maji yanavuta kurudi nyuma, huku chini. Ni kama unamsukuma mtu kichwani huku miguu yake imekanyagwa. Zidisha: 800 mara 20 ni 16,000. Boti ina uzito wa gramu 1,100. Gawanya, unapata sentimita 14 na nusu. Yaani ukikaza mafuta hadi mwisho, boti inajihisi kana kwamba mzigo wake wote umesogezwa mbele sentimita 14 na nusu. Na boti nzima ina urefu wa sentimita 60.

MZEE: Kwa hiyo mzigo uanze nyuma.

MWALIMU: Ndiyo hivyo, Mzee. Kitovu cha uzito kikae theluthi moja kutoka nyuma. Ikisimama, mkia utazama kidogo na watu watacheka. Ikikaza mwendo, itajinyoosha.

Wasomaji wenye boti zao nyumbani, naomba msimame hapa kidogo. Hesabu hii ndiyo inayomhukumu mtu wa propela kubwa. Akitoka inchi 10 kwenda 11, mhimili lazima upande tena zaidi ya sentimita moja, na msukumo umeongezeka, kwa hiyo pua inakandamizwa mara mbili: kwa nguvu na kwa kimo. Boti inayozama pua haikimbii hata ikipewa mota ya pikipiki. Mwenye nayo anaona uvivu, anasema nguvu haitoshi, anaongeza, pua inazama zaidi. Nimeona watu wakiufuata mduara huo hadi betri inavimba.

Iko dawa nyingine ndogo. Mota iinamishwe nyuzi chache ili upepo wake utoke nyuma ukielekea juu kidogo. Mkia unakandamizwa, pua inanyanyuka. Ukizidisha unakula msukumo wako mwenyewe, kwa hiyo ni kijipande cha plaiwudi chini ya mguu wa mota, basi.

MZEE: Mmesema sana juu ya feni. Sasa nipeni hilo tumbo nilishike. Hizi kingo nani amezikata hivi, kali kama kisu?

FUNDI: Mimi. Povu gumu jeupe, lile la kwenye katoni za televisheni. Nimelikata kwa waya wa moto, nikalifunika plaiwudi.

MZEE: Ndiyo maana ikikata kona inachota maji. Chombo bapa kikigeuka hakigeuki kama mtumbwi, kinateleza ubavu. Ule ubavu unaotangulia ukiwa na kona kali unakamata maji, na kikishakamata kinapinduka. Kingo ziondoe, uzilaze zipande juu kwa nje. Na pua uiinue mapema, isianze kupanda mwishoni kabisa.

MWALIMU: Hata usukani unamsaidia adui. Mabawa yako marefu yako juu. Ukikata kulia, upepo unausukuma mkia kwenda kushoto, na unausukuma kutoka juu, kwa hiyo unailaza boti kushoto, upande ule ule ambao kuteleza kwenye kona kunailaza. Mabawa yashuke, nusu ya eneo lake liwe chini ya mhimili.

FUNDI: Na mkuku? Nikiweka mikuku miwili midogo chini, haitateleza ovyo.

MZEE: Itanyooka, kweli. Na kila uzi wa nyavu utakaopita utaubeba. Umesema unataka ipite kwenye majani.

FUNDI: Nataka ipite juu ya gugu maji.

MZEE: Mwanangu, gugu maji lililokomaa husimama hata mita moja juu ya maji. Kwa boti ya sentimita 60 hilo ni msitu.

Nakubaliana na Mzee, na ni vizuri jambo hili lisemwe wazi maana picha za Florida zinadanganya. Boti kubwa yenye injini ya ndege au ya gari hulalia nyasi kwa uzito na kasi. Boti ya gramu 1,100 hainyenyekewi na mmea. Inachoweza ni vidimbwi vya majani madogo yanayoelea, machipukizi yaliyokatika, na maji ya kina kidogo mno. Kwenye kina hicho ndipo utamu wake ulipo: tumbo la sentimita 60 kwa 25 likibeba gramu 1,100 linazama milimita 7 tu. Hakuna chombo chenye propela majini kinachofika hapo.

Kuhusu sehemu ya chini, kule Florida huvisha tumbo la alumini shuka la plastiki ngumu inayoteleza ili lipite juu ya nyasi na hata nchi kavu. Fundi alipendekeza kukata dumu. Wazo zuri, ila plastiki ya dumu haishiki gundi za kawaida, na itabanduka siku ya kwanza isipofungwa kwa skrubu ndogo. Seloteipu pana ya kahawia, ile ya kufungia maboksi, inatosha kwa boti ya povu na inabadilishwa ikichakaa.

Mpaka hapa Fundi alikuwa ameshindwa kila raundi. Kisha akasema jambo ambalo Mwalimu hakuwa amelitaja, na kwangu ndilo lililobadilisha mjadala.

FUNDI: Ninyi mnahesabu nguvu kama ni ya mbio. Mimi naitaka kwa ajili ya usukani. Boti hii ikikosa upepo wa feni haina usukani, haina breki. Ikielekea kwenye jiwe, mkono unataka kuachia mafuta. Ukiachia tu, mabawa yamekufa, boti inateleza moja kwa moja hadi kwenye jiwe. Ili kukwepa lazima ukaze! Sasa kama ilikuwa tayari inakimbia kwa nguvu yote, utakaza nini?

MWALIMU: Hilo ni kweli.

FUNDI: Na uzito. Mnataka ipungue, ipungue. Upepo wa ziwa ukija mchana, boti nyepesi yenye feni na mabawa juu ni tiara. Utaondoka nayo.

MWALIMU: Hilo pia ni kweli. Kwa hiyo akiba ya msukumo unaihitaji. Ila akiba haipatikani kwa seli ya nne. Boti ikikaa sawa majini, nusu ya mafuta itatosha kwa mwendo wa kawaida, na nusu nyingine ndiyo akiba yako.

FUNDI: Na kidhibiti cha magari ya kuchezea chenye rivasi?

MWALIMU: Kitakunasua kwenye majani, si zaidi. Propela ikigeuka kinyume inasukuma kidogo, na upepo wake unakwenda mbele, mabawa hayaupati. Utarudi nyuma bila kujua unaelekea wapi.

Naamua hapa: Fundi amekosea njia, lakini amelenga panapostahili. Boti ya feni inahukumiwa kwenye kona karibu na jiwe, na huko akiba ya msukumo ni usalama. Mwalimu, kwa upande wake, alikuwa anakaribia kutuundia boti bora ya kuning'inizwa kwenye mizani.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Propela ilitikisika, wakaiweka kwenye sindano, jani moja likashuka, wakabandika kipande cha seloteipu kwenye jani jepesi hadi ikatulia mlalo. Boti ilivuta upande mmoja, Fundi akataka kuirekebisha kwa kitufe cha rimoti. Mwalimu akamwonyesha kwamba propela ikizunguka kulia, ukiitazama kutoka nyuma, mwili wa boti unajibu kwa kulalia kushoto, kwa hiyo betri isogee kulia kidogo kwanza, kitufe baadaye. Betri ya mAh 2,200 kwa ampea 12 haimalizi dakika 9 ukiacha moja ya tano ndani yake, na kuiacha ni lazima kwa sababu seli ya lithiamu iliyokamuliwa hadi chini ya volti 3 haiaminiki tena. Na kabla ya kushuka ziwani, propela ivuliwe, mota iwashwe, rimoti izimwe: mota isipojizima yenyewe, boti haiendi popote.

MZEE: Mnaijaribu saa ngapi?

FUNDI: Asubuhi, ziwa likiwa limelala.

MZEE: Asubuhi upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Betri ikiisha huko, upepo unakwenda nayo boti. Ngojeni mchana, upepo ugeuke utoke ziwani, ndipo kitu kilichokufa kinarudi chenyewe. Mawimbi yataongezeka, vumilieni. Na asiingie mtu kwenye majani kuifuata. Konokono wa kichocho wako humo humo, na mamba haulizi umekuja kufanya nini.

FUNDI: Basi kila kitu tayari.

MWALIMU: Kizimba cha propela kiko wapi?

FUNDI: Kizimba kina gramu 90! Na waya zinazuia hewa. Si mlisema uzito?

MWALIMU: Ncha ya propela ya inchi 10 kwa mizunguko 8,000 inakwenda zaidi ya kilomita 380 kwa saa. Hapo ufukweni kuna watoto wangapi?

Mwenyekiti hakuruhusu kura juu ya jambo hilo. Gramu 90 zitapatikana kwingine: tabaka tatu za rangi zina uzito wake, gundi iliyomwagika ndani ina uzito wake, na mbele kabisa, kwenye pua ile ile inayozama, kuna kiti chekundu na nahodha wa plastiki mwenye miwani, gramu 80 pamoja na skrubu.

FUNDI: Nahodha haondoki.

MWALIMU: Fundi!

FUNDI: Mwalimu, kwa heshima zote, nahodha haondoki.

MZEE: Abaki. Lakini kiti kihamie nyuma, karibu na mota, na hiyo miwani mvueni, haoni mbele.